Je, Wajua? Likizo ya Kuhiji kwa Wahindu

Shule zikifungwa, familia nyingi za India hufungasha na kwenda kuhiji. Bibi yumo, wajukuu wamo, na mfuko wa vitafunwa haukosi. Asubuhi wanaoga mtoni na kusali. Jioni wanazunguka sokoni, wakubwa wakila vitamu na watoto wakinunuliwa bangili. Hakuna anayeona kwamba raha ya jioni imetia doa ibada ya asubuhi. Huku kwetu habari za hija hizo hutufikia mara nyingi kama picha ya umati tu, na umati ukitazamwa kutoka mbali hausemi kitu. Basi tusogee karibu.

Je, wajua kwamba Kumbh Mela, hija kubwa kuliko zote za Wahindu, haina mji mmoja? Huzunguka miji minne: Prayagraj, Haridwar, Ujjain na Nashik. Kila mji hupata zamu yake takriban kila baada ya miaka 12, na hesabu hiyo inafuata sayari ya Mshtarii, ambayo huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua. Kwa maneno mengine, kalenda ya hija hii imeandikwa mbinguni, na wanajimu ndio wanaoisoma.

Je, wajua kwamba Prayagraj inakutanisha mito mitatu, lakini macho yanaona miwili tu? Ganges na Yamuna iko wazi, mmoja ukiwa na maji ya udongo na mwingine ya kijani. Mto wa tatu, Saraswati, waumini huamini unapita chini kwa chini.

Je, wajua ni watu wangapi walioga hapo mwaka 2025, kati ya Januari 13 na Februari 26? Serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ilitangaza zaidi ya milioni 660. Hayo ni makadirio ya serikali, na mtu aliyerudi majini mara kadhaa huenda amehesabiwa mara kadhaa. Lakini hata ukiigawa kwa kumi, inabaki idadi kubwa kuliko watu wote waliohesabiwa Tanzania katika sensa ya 2022. Kwa ajili ya wiki hizo sita, uwanja wa hija ulitangazwa kuwa wilaya kamili yenye viongozi wake, hospitali, vituo vya polisi na madaraja ya kuelea. Kisha kila kitu kikabomolewa, kwa sababu mvua za masika ya huko zikija mto hurudi kuchukua mchanga wake.

Je, wajua kwamba katika umati huo kuna watu ambao kazi yao ni kuwatafuta waliopotea? Mwaka 1946 Raja Ram Tiwari alianzisha Prayagraj kambi ya kuwakutanisha waliopoteana, akaiendesha kwa miongo hadi kifo chake mwaka 2016. Wengi wa wanaofikishwa kambini ni wazee waliotoka vijijini, wasiojua kusoma, wasio na simu, ambao mkono wa mtoto wao uliwaponyoka dakika moja tu. Wanakaa kwenye turubai, vipaza sauti vinaita jina, kijiji na jina la mume au mwana, saa baada ya saa, mpaka mtu atokee mbio kutoka upande wa mto. Siku hizi serikali ina vituo vyake vyenye kompyuta na kamera, lakini jina linaloitwa kwa sauti bado lina nguvu yake.

Umati pia huua. Februari 3, 1954, mamia ya mahujaji walikanyagwa hadi kufa hapo hapo Prayagraj. Januari 29, 2025, watu wasiopungua 30 walikufa kwa namna hiyo hiyo, alfajiri ya siku kuu ya kuoga. Siku hizo kuu hutangazwa mapema. Anayetaka kuiona Kumbh achague siku nyingine. Maji ni yale yale.

(Ndiyo, UNESCO iliitia Kumbh Mela kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, mwaka 2017.)

MAMA GANGA

Je, wajua kwamba Ganges, mto wa kilomita zipatazo 2,500, huelekea kusini mashariki kwa sehemu kubwa ya safari yake, lakini ukifika Varanasi unageuka na kutiririka kaskazini? Kwa waumini, mto unaogeuza uso kuangalia Himalaya, nyumbani kwa mungu Shiva, si jambo dogo.

Mji huo, ambao jina lake la zamani ni Kashi, una ngazi za mawe zaidi ya 80 zinazoshuka hadi majini. Watu huoga hapo, hufua, hunyolewa, hufanya mazoezi ya yoga, huuza maua. Kila jioni, kwenye ngazi za Dashashwamedh, makuhani vijana waliovaa sare husimama kwenye majukwaa na kuzungusha mataa mazito ya shaba yenye ndimi nyingi za moto, kengele zikilia, na mashua mtoni zikiwa zimejaa watazamaji. Ni ibada, na ni maonyesho pia. Haifichi kuwa ni vyote viwili.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaokwenda Varanasi ili wafie huko? Mhindu mcha Mungu anaamini kwamba anayefia Kashi huepushwa na kuzaliwa tena na tena. Nyumba iitwayo Mukti Bhawan hupokea wagonjwa mahututi pamoja na familia zao, huwapa chumba cha kawaida kabisa, na kwa desturi huwataka wasizidi wiki mbili. Miili huchomwa katika ngazi za Manikarnika na Harishchandra, mchana na usiku. Moto wa Manikarnika unasemekana haujawahi kuzimwa, na wanaoutunza ni watu wa jamii ya Dom, ambao kwa karne nyingi jamii iliwatenga kwa sababu ya kazi hiyo hiyo ambayo hakuna aliyeweza kuikwepa mwishowe.

Je, wajua kwamba hekalu kuu la mji huo, Kashi Vishwanath, kwa sura yake ya sasa lilijengwa na mwanamke? Malkia Ahilyabai Holkar wa Indore alilijenga mwaka 1780. Na hakuishia hapo: alijenga na kukarabati mahekalu, visima na nyumba za kulala wasafiri katika sehemu nyingi za India, nje kabisa ya mipaka ya ufalme wake. Kama kuna mtu mmoja anayestahili kuitwa mlezi wa mahujaji, ni yeye.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyekufa katika mgomo wa kula akiutetea mto huu? G. D. Agrawal, mhandisi na profesa wa mazingira aliyegeuka kuwa mtawa, alifunga kula kwa siku 111 akidai mabwawa yasimamishwe na mto uachwe utiririke. Alifariki Oktoba 2018. Majitaka ya miji mingi bado huishia humo, ingawa serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuusafisha mwaka 2014. Mgeni na atie miguu akipenda, kunywa asinywe.

Haridwar, mto unapotoka milimani na kuingia tambarare, kuna hazina ambayo watalii wengi huipita bila kuiona. Je, wajua kwamba makuhani wa hapo hutunza daftari za koo? Ni vitabu virefu, vyembamba, vinavyokunjwa na kufungwa kwa kamba, vimeandikwa kwa mkono. Familia ikifika, kuhani huuliza: ukoo gani, kijiji gani? Anavuta kitabu, anakikunjua, anasoma: babu yako alikuja mwaka fulani kuleta majivu ya baba yake, aliongozana na fulani na fulani. Kisha mgeni anaongeza mwenyewe waliozaliwa, waliooa na waliofariki tangu hapo, na kutia sahihi yake. Baadhi ya kumbukumbu hizo zimevuka karne kadhaa, na watafiti wa nasaba kutoka Utah, Marekani, walizipiga picha na kuzihifadhi kwenye mikanda. Wajukuu wa waliohamia ng'ambo wamepata humo majina ya mababu ambayo nyumbani yalikwisha kusahaulika. Kwangu mimi hili linazidi sanamu yoyote ya dhahabu.

Na Gaya, jimboni Bihar, ndiko watoto huenda kuwatolea marehemu wazazi wao matonge ya wali na ufuta. Msimu mkuu ni nusu mwezi mmoja, kati ya Septemba na Oktoba.

MIUNGU WANAOHAMA

Je, wajua kwamba mungu wa Kedarnath hushuka mlimani wakati wa baridi? Hekalu hilo la Shiva liko mita zipatazo 3,580 juu ya usawa wa bahari, na theluji hulifunga miezi sita. Basi kila mwaka, baada ya sikukuu ya Diwali, sanamu ya mungu hupandishwa kwenye machela na kubebwa hadi kijiji cha Ukhimath, ikae huko mpaka Aprili au Mei. Milango inapofunguliwa tena, mahujaji husafiri kilomita zipatazo 16 kutoka Gaurikund, wengine kwa miguu, wengine juu ya nyumbu, wazee wakibebwa kwenye kapu mgongoni mwa mchukuzi. Helikopta zipo kwa mwenye fedha.

Kedarnath ni mojawapo ya vituo vinne vya Himalaya, pamoja na Yamunotri, Gangotri na Badrinath. Wajua kwamba kuhani mkuu wa Badrinath, kaskazini kabisa, ni lazima awe Brahmin, yaani wa tabaka la makuhani, wa jamii ya Nambudiri kutoka Kerala, kusini kabisa? Desturi hiyo inahusishwa na mwanafalsafa Shankara wa karne ya 8, mzaliwa wa Kerala, ambaye jina lake limefungamana pia na vituo vinne vikuu vya pembe za India: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Anayevizuru vyote ameizunguka nchi nzima.

Juni 2013 mvua kubwa na maji ya ziwa la barafu yalishuka Kedarnath usiku na alfajiri. Katika jimbo zima zaidi ya watu 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Jiwe kubwa liliporomoka na kusimama nyuma ya hekalu, likaugawa mkondo wa mafuriko pande mbili, na jengo la kale likabaki limesimama katikati ya magofu ya hoteli na maduka. Waumini wanaliabudu jiwe hilo hadi leo. Wahandisi nao wana somo lao: hekalu lilijengwa kwa mawe mazito na watu walioujua mlima, vilivyofagiliwa vilijengwa juzi, kandokando ya mto.

Je, wajua kwamba njia ya mahujaji ndiyo iliyowafukia wafanyakazi 41 mwezi Novemba 2023? Walikuwa wakichimba handaki la Silkyara, sehemu ya barabara mpya ya kuviunganisha vituo hivyo vinne. Mlima uliporomoka nyuma yao. Walikaa gizani siku 17, wakiletewa chakula na hewa kwa bomba. Mashine kubwa ya kutoboa ilivunjika; waliowafikia mwishowe ni wachimbaji wa kawaida waliotambaa ndani ya bomba na kuchimba mita za mwisho kwa mikono. Wote 41 walitoka hai.

Machi 2025 serikali iliidhinisha njia ya kamba ya kilomita 12.9 hadi Kedarnath. Safari ya saa nane au tisa itakuwa ya dakika 36. Kwa wazee na wagonjwa ni neema. Ila mlima huo umekwisha kusema kiasi gani cha watu unaweza kubeba, na natamani ungesikilizwa.

Je, wajua kuhusu mlima ambao hakuna rekodi ya mtu aliyefika kileleni? Ni Kailash, Tibet, mita 6,638. Wahindu wanamwona Shiva akikaa juu yake. Wabudha, Wajaini na wafuasi wa dini ya kale ya Bon nao wanautukuza. Mahujaji hawaupandi, wanauzunguka: kilomita 52, wakivuka pito lenye urefu wa zaidi ya mita 5,600. Wahindu na Wabudha huuzunguka kuelekea kulia, watu wa Bon kuelekea kushoto, kwa hiyo hukutana uso kwa uso njiani. Safari za Wahindi kwenda huko zilisimama mwaka 2020 na kurudi 2025.

MWAROBAINI WA PURI

Je, wajua kwamba mungu wa Puri, Jagannath, pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, wamechongwa kwa mwarobaini? Na kwa kuwa mti huoza, miungu hao hupewa miili mipya kila baada ya miaka 12 hadi 19. Mara ya mwisho ilikuwa 2015. Watumishi wa hekalu huzunguka vijijini kutafuta mwarobaini wenye alama zilizowekwa na desturi. Sanamu mpya zikiwa tayari, usiku wa manane, taa zimezimwa, kuhani mzee hufungwa kitambaa machoni na mikono yake kuviringishwa nguo, kisha huhamisha kitu fulani kutoka kifua cha zamani hadi kipya. Ni kitu gani? Hakuna anayetakiwa kukiona, hata yeye. Sanamu za zamani huzikwa ndani ya uwanja wa hekalu, na watumishi wake huomboleza kama waliofiwa.

Kila Juni au Julai miungu hao watatu hutoka nje. Magari yao ya mbao hutengenezwa upya kila mwaka: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Kabla ya safari, mfalme wa jadi wa Puri hupanda na kuyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Yeye anayefagiliwa njia siku nyingine, siku hiyo ndiye mfagizi. Kisha maelfu hushika kamba na kuvuta kilomita zipatazo tatu hadi hekalu la Gundicha, na baada ya siku tisa kuyarudisha.

Lakini mimi ningekupeleka kwanza jikoni. Je, wajua kwamba jiko la Puri hupika kwa vyungu vya udongo vilivyobebeshwa kimoja juu ya kingine, juu ya moto wa kuni? Waumini husimulia kuwa chungu cha juu kabisa ndicho huiva kwanza. Hakuna kitunguu wala kitunguu saumu, na hakuna viazi wala nyanya, kwani mazao hayo yalikuja na wageni. Chakula kikishatolewa kwa mungu, huuzwa katika soko la Ananda Bazar ndani ya ukuta wa hekalu, na hapo tabaka halina nafasi: Brahmin na mfagizi hula pamoja kutoka chungu kimoja. Katika nchi iliyowatenga watu kwa sahani na bilauri, hilo ni jambo kubwa. Inasikitisha tu kwamba asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. Kwa miaka mingi alilitazama hekalu kutoka juu ya paa la maktaba iliyokuwa mbele yake.

NYWELE, NAZI NA NDOO

Je, wajua kwamba baadhi ya mawigi ya nywele halisi yanayouzwa duniani chanzo chake ni hekalu? Tirumala, jimboni Andhra Pradesh, mahujaji wanaume kwa wanawake hunyoa kichwa chote kuwa sadaka kwa mungu Venkateswara. Unapewa tokeni na wembe mpya, unaketi mbele ya kinyozi katika ukumbi uliojaa vinyozi, kichwa kinaloweshwa, na baada ya dakika chache nywele ulizozifuga miaka mingi ziko ndani ya pipa. Kisha hupangwa kwa urefu na kuuzwa kwa mnada. Mwaka 2004 marabi wa Kiyahudi wa madhehebu ya Othodoksi walipiga marufuku mawigi hayo, kwa hoja kwamba nywele zilitoka kwenye ibada ya sanamu, na wanawake wa Jerusalem na Brooklyn wakayachoma moto barabarani.

Laddu ya Tirumala, kile kitamu cha duara cha dengu, samli na sukari, imelindwa kisheria tangu 2009. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kutumia jina hilo.

Usitegemee khutba huko. Mhujaji anakwenda kumwona mungu na kuonwa naye, basi. Foleni ya saa nyingi, kisha sekunde chache mbele ya sanamu iliyofunikwa maua na dhahabu, walinzi wakihimiza: songa, songa! Kuna tiketi ya kulipia inayofupisha foleni. Sheria inairuhusu, na fedha husaidia kuendesha jiko linalolisha mahujaji bure kila siku, lakini mbele ya Mungu napenda zaidi foleni ya wote.

Je, wajua kwamba Sabarimala, msituni Kerala, kila mhujaji huitwa Swami, awe tajiri au kuli? Hutanguliza siku 41 za nadhiri: nguo nyeusi au za buluu, hakuna nyama, pombe wala unyumba. Kichwani hubeba mzigo wenye vifuko viwili, na ndani yake nazi iliyotobolewa, ikamwagwa maji yake na kujazwa samli. Akishapanda ngazi 18 za hekalu, nazi hupasuliwa, samli humiminiwa juu ya mungu Ayyappa, na kifuu hutupwa kwenye moto mkubwa ulio nje.

Na wajua kwamba mahujaji hao hupita kwanza msikitini? Katika mji wa Erumeli huzuru msikiti wa Vavar, Mwislamu ambaye simulizi zinamtaja kuwa rafiki wa Ayyappa, na huuzunguka kwa heshima kabla ya kuendelea na safari. Usiku hekalu linapofungwa, wimbo wa kumbembeleza mungu alale hupigwa kwa sauti ya K. J. Yesudas, mwimbaji aliyezaliwa katika familia ya Kikatoliki. Hekalu hilo hilo, lenye ukarimu wa namna hiyo, limekuwa likiwazuia wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50. Mahakama ya Juu iliamua Septemba 2018 kwamba waruhusiwe, na maandamano yaliyofuata yaliitikisa Kerala nzima.

Rameswaram, kusini kabisa, hekalu moja lina visima 22. Mhujaji hutembea kisima hadi kisima akimwagiwa ndoo za maji, nguo zikimganda mwilini, watoto wakicheka.

WATEMBEAO

Kila mwaka wakulima wa Maharashtra hutembea takriban wiki tatu, kilomita zipatazo 250, kutoka Alandi na Dehu hadi Pandharpur, wakiimba na kubeba kandambili za watakatifu wao kwenye machela. Wengine huuzunguka mto Narmada wote, kilomita zipatazo 2,600, bila kuuvuka. Kwa utaratibu wa zamani hiyo ni miaka 3, miezi 3 na siku 13. Kilima cha Govardhan kina njia ya kilomita 21, na wapo wanaoimaliza kwa kulala kifudifudi, kuweka alama mkono ulipofika, kuinuka, na kulala tena. Na msimu wa mvua mamilioni ya vijana hubeba maji ya Ganges kwa mzegazega hadi hekalu la Shiva la kwao. Mzigo haugusi ardhi, wakipumzika huutundika.

Je, wajua kwamba msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 alikuja kupanda mlima wa mahujaji Sri Lanka? Ni Ibn Battuta. Mwaka 1344 alikipanda kilele cha Sri Pada, mita 2,243, akaeleza minyororo ya chuma ya kujishikiza. Juu kuna alama ya unyayo. Wahindu wanasema ni wa Shiva, Wabudha wa Budha, Waislamu na Wakristo wengi wa Nabii Adamu. Wote hupanda ngazi zile zile, usiku, wawahi macheo.

Shirdi nako, mtakatifu Sai Baba aliyefariki 1918 aliishi katika msikiti, na Wahindu na Waislamu wote humwita wao.

Si kila mahali pako hivyo. Hekalu la mungu Ram la Ayodhya, lililozinduliwa Januari 22, 2024, limesimama mahali pa Msikiti wa Babri, uliobomolewa na umati Desemba 6, 1992. Ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliwapa Wahindu eneo hilo na kuagiza Waislamu wapewe ekari 5 kwingine. Anayekwenda Ayodhya na ayajue yote mawili.

KARIBU ZAIDI

Je, wajua kwamba Afrika ina ziwa lake la hija? Ni Ganga Talao, ziwa la kreta nchini Mauritius. Mwaka 1972 maji ya Ganges yalimiminwa humo. Kila sikukuu ya Shivaratri, mwezi wa Februari au Machi, mamia ya maelfu hulifikia kwa miguu kutoka pembe zote za kisiwa, na wenye nyumba za njiani huwagawia maji na matunda bure. Pembeni imesimama sanamu ya Shiva yenye urefu wa mita 33. Kwa mtu wa Afrika Mashariki asiye na uwezo wa Himalaya, ningesema aanzie hapo.

Hekalu la Swaminarayan la Neasden, London, lilifunguliwa 1995. Mawe yake ya Bulgaria na Italia yalipelekwa India kuchongwa, yakarudishwa London vipande 26,300 na kuunganishwa. Wengi wa waumini wake ni Wagujarati waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Nairobi ilipata la kwake, la mawe na mbao zilizochongwa, mwaka 1999. Abu Dhabi ikafuata Februari 2024, kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala wake, na minara yake saba ni kwa ajili ya falme saba za Umoja wa Falme za Kiarabu.

Ukiamua kwenda India, viza huombwa kwa mtandao kwa raia wa Kenya, Tanzania na Uganda. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Atokaye Kenya, Uganda, Burundi au Congo bila cheti anaweza kuwekwa karantini. Viatu vinavuliwa mlangoni, na mkanda wa ngozi mara nyingi pia; simu huachwa nje katika mahekalu mengi makubwa. Kerala, mwanamume mara nyingi huvua shati na kujifunga shuka. Hekalu huzungukwa likiwa kulia kwako, kinyume cha tawafu ya Makka. Haridwar na Rishikesh hutapata nyama wala pombe, usiulize. Manikarnika usipige picha: aliye juu ya kuni ni baba wa mtu.

Na kabla hujanunua tiketi ya ndege, nenda hekalu lililo karibu nawe, Kisutu mjini Dar es Salaam, Mombasa, au Nairobi. Omba ruhusa mlangoni, vua viatu, uliza maswali. Ukipewa kitamu mkononi, kipokee kwa mkono wa kulia.